Shajara ya mradi: kukusanya masomo ya Maalim, Iringa mjini hadi Pawaga

Mei: maswali na ridhaa

Mradi unakusanya kumbukumbu za wanafunzi na muridi (wafuasi) wa maalim mmoja, mwalimu wa Kurani wa tarika ya Kadiria, njia mojawapo ya Kisufi. Alianza kufundisha Iringa mjini, upande wa Kitanzini na Mshindo, kisha akahamia bondeni Pawaga. Familia imeomba jina lisitajwe mpaka ndugu wote wakae na kukubaliana, kwa hiyo humu ataitwa Maalim tu. Waliohojiwa wanaandikwa kwa alama: M na namba kwa wazee wa kiume, B na namba kwa mabibi.

Kazi tumeipanga kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba. Mvua za Iringa huanza mwishoni mwa Novemba na kuishia Aprili, na mvua ikipiga bati hakuna kinasa sauti kitakachookoa maneno ya mzee. Kiangazi kina upepo wake wa Agosti na Septemba, ila upepo unazuilika: funga dirisha, vika maikrofoni soksi ya sponji, ugeuzie mlango kisogo.

Orodha ya kwanza ya maswali imetupwa karibu yote. Ilikuwa na maswali kama "Maalim alikuwa mtu wa namna gani?" na majibu yake yanajulikana kabla hujauliza: mpole, mcha Mungu, hakuwa na makuu. Ndiyo sifa anazopewa kila shehe kwenye khitima yake. Si uongo, ila hazimtofautishi Maalim huyu na mwingine. Orodha mpya inauliza somo. Alikuanzishia wapi? Ubao uliushika vipi? Ukikosea aya alikurudisha mwanzo wa sura au mwanzo wa mstari? Nani aliyekusikiliza kabla hujafika mbele yake? Uliishia sura gani? Hapo ndipo kila mtu anatoa chake, na Maalim anaanza kuonekana kwa namna alivyofanya kazi.

Swali la "uliishia sura gani" lina faida kuliko "ulisoma miaka mingapi". Chuoni, yaani kwenye madrasa ya Kurani, mtoto huanza na Fatiha, halafu hushika mkia wa Msahafu, Suratul Nasi, akapanda kinyumenyume hadi Naba. Hiyo ndiyo juzuu ya Amma, sura 37. Baada ya hapo Tabaraka, halafu juu zaidi hadi kukhitimu juzuu zote 30. Mzee anaweza kusahau miaka, lakini kama aliishia Yasini anajua aliishia Yasini, na anajua nani alimtangulia na nani alimfuata. Ukipanga watu kwa sura walizofikia na kwa waliokaa nao kwenye mkeka, unapata madarasa ya chuo hata bila daftari la mahudhurio.

Ridhaa ni ya ngazi tatu, na mtu anachagua mwenyewe kwa kila kipande, si kwa kikao kizima: wazi kwa wote, kwa familia na wanafunzi tu, au kufungwa. Inasomwa kwa sauti na jibu linarekodiwa, kwa sababu wazee wengine husoma hati za Kiarabu vizuri na hawana mazoea na fomu za Kizungu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za imani ya mtu katika kundi linalotaka uangalifu wa ziada, kwa hiyo karatasi yenye majina na alama hukaa mbali na sauti.

Awradi, yaani dua na dhikri maalumu za tarika, hazirekodiwi kabisa. Uradi mmoja hutolewa kwa ijaza, yaani idhini ya shehe, mtu kwa mtu, na idadi ya kuusoma ni sehemu ya ile ijaza. Mzee akianza kuutaja kwa kusahau, kinasa kinasimamishwa na anaulizwa. Anayehoji akikaa kimya akidhani amepata dhahabu, amepoteza imani ya mtaa mzima.

Juni: vikao vya mjini

Vifaa: vinasa viwili vya mkononi, maikrofoni ya kubana kifuani, nyingine ya kusimama, betri za akiba, kadi mbili za kumbukumbu. Mpangilio ni WAV, faili la sauti lisilobanwa, 48 kHz, biti 24, chaneli moja, ambayo hula takriban MB 520 kwa saa. MP3 haifai kwa nakala ya kwanza: inakata sauti nyembamba, na humo ndimo zinamokaa tofauti za *sini* na *thee*, *hee* ya kooni na *hee* nyepesi. Kilele cha sauti kiwe karibu na -12 dB. Kipandisha sauti cha kujiendesha kizimwe, maana mzee akinyamaza kufikiri, mashine hupandisha kelele za barabarani, na akianza kusoma kwa nguvu hupasuka.

Maikrofoni ya kifuani ibanwe sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu. Kanzu iliyopigwa wanga husugua na kutoa mchakacho unaofanana na moto wa kuni. Dawa ni kubana kwenye ukosi na kuuacha waya na kitanzi kidogo chini yake ili usivute. Simu zote chumbani zizimwe, kwani kutetemesha tu hakutoshi: mlio wa "trrr-trrr" unaoingia kabla simu haijaita hautoki tena kwenye rekodi.

Saa nzuri Juni ni saa nne hadi saa sita. Kabla ya hapo baridi ya Iringa huwafanya wazee wajikunyate na sauti ikae kifuani; baada ya hapo Adhuhuri inakaribia na mtu mwenye udhu wake hapendi kuharakishwa. Salamu zichukue muda wake. Mzee wa Kihehe hupokewa kwa "kamwene" na shikamoo yake, anaulizwa za nyumbani na za mifugo, na mwenyeji ndiye anayesema "haya, tuanze".

Kikao cha kwanza ni cha mtu mmoja, daima. Ukikusanya wanne, aliyesoma mbele zaidi au mwenye umri mkubwa huongea, wengine huitikia "ndivyo", na unaondoka na kumbukumbu moja yenye sahihi nne. Kikundi kina nafasi yake baadaye, mahali pa kusoma kwa pamoja.

Jambo lililotoa mengi kuliko yote ni kumwomba mtu asome kama alivyosomeshwa. Aliyesomea mjini mwanzoni husema *alifu, bee, tee, thee*, na irabu zake ni *alifu fataha a, alifu kasra i, alifu dhuma u*, kwa mwendo wa kupanda na kushuka unaomsukuma mwili mbele na nyuma. Waliosoma mwishoni, Pawaga, wana *alif, baa, taa*. Maana yake matamshi ya chuo yalibadilika humo katikati, na tunatafuta nani aliyaleta. M-4 anadai ni kijana aliyerudi kutoka kusoma pwani na Maalim akamwachia darasa la wadogo. M-7, aliyekuwemo darasani wakati huo, hajui kama kulikuwa na mabadiliko yoyote. Lakini mwimbo wake una vyote viwili, *bee* kwenye hijai (kutaja herufi) na *baa* anaporekebisha mtoto. Ushahidi wa ulimi huo tunauamini kuliko jibu lake.

Julai: ubao na wino

Wazee karibu wote wanataja ubao, wino wa masizi na kalamu ya tete, lakini kwa maneno tu hawakubaliani hata upana wa ubao. Basi vilitengenezwa vyote vitatu na kuwekwa mbele yao.

Ubao: mbao laini isiyo na mafundo, unene wa sentimita moja na nusu, upana wa viganja viwili, mpini juu. Ulainishwe kwa msasa mpaka kalamu isikwame. Mbao yenye mafuta haifai, wino hukusanyika vidonge.

Wino: masizi vijiko viwili, gundi ya mgunga kijiko kimoja iliyolowekwa usiku kucha, maji kidogo kidogo huku ukisaga. Gundi ikizidi, maandishi hung'aa na kupasuka yakikauka. Ikipungua, aya inahamia kwenye kiganja cha mtoto. Masizi ya koroboi yana mafuta na hayashiki maji, huelea juu kama vumbi. Masizi ya chini ya chungu cha kuni ni bora, yakichekechwa kwa kitambaa. B-2 alipouona wino alisema mara moja kwamba huu ni mzito, wa Maalim ulipita kwenye kitambaa mara mbili, na kitambaa kilikuwa kipande cha shuka ya zamani kwa sababu kipya kinanywa wino. Swali lililoulizwa kwa mdomo lisingempata.

Kalamu: tete kavu, likatwe mshazari, ncha ipasuliwe kidogo katikati. Ncha iliyokatwa moja kwa moja huandika herufi za unene mmoja na wazee wanaicheka.

Wote waliandika. Mikono mingine inatetemeka, lakini mpangilio wa ukurasa haukutetemeka: bismillahi katikati, mistari mitano au sita, nafasi ya kidole pembeni ambako Maalim aliweka alama baada ya kusikiliza. Waliosomea mjini wanaacha nafasi hiyo kulia. Wa Pawaga wanaacha kushoto. Sababu bado hatujaijua.

Kuosha ubao nako kulikuwa na utaratibu. Maji yaliyoosha aya hayamwagwi njiani yakakanyagwa. Yanamwagwa shinani mwa mti. Wazee watatu, wasiokutana, wameonyesha mti uleule Mshindo, na sasa hapo pana ukuta wa duka. Kwa ramani ya chuo cha mjini hiyo ni nukta ya uhakika kuliko zote tulizonazo.

Agosti: kupanga miaka

Hapa ndipo miradi ya namna hii huharibikia. Mtu anasema "nilimaliza nikiwa na miaka kumi na mbili, mwaka wa Uhuru", halafu hesabu hazikutani na za mdogo wake.

Kuna chanzo cha kwanza cha makosa: mwaka wa Hijria una siku 354 hivi, pungufu ya siku 11. Mtu anayehesabu umri kwa Ramadhani, akisema 70, kwa kalenda ya kawaida ana 68. Ulizeni: "Miaka ya mwezi au ya serikali?" Wengi wanajua tofauti ila hawasemi mpaka waulizwe.

Lakini siku hizo 11 ndizo zinazotusaidia pia. Ramadhani inazunguka misimu na kurudi palepale baada ya takriban miaka 33. Kwa hiyo badala ya mwaka, tunauliza hali ya hewa ya mfungo wa kwanza: "Ulipofunga mara ya kwanza kwa Maalim, mlikuwa mkifuturu kwenye baridi au kwenye matope?" Nyanda za juu zinajibu vizuri swali hili, maana baridi ya Juni na Julai hakuna anayeichanganya na matope ya Desemba. Ramadhani ya baridi kali iliangukia kati ya 1948 na 1951, kisha tena kati ya 1980 na 1984. Ramadhani iliyoanza Desemba, mvua zikiwa zimeshika, ni zile za 1965, 1966 na 1967, halafu tena za 1997 hadi 1999. Kwa kila jibu unapata vipindi viwili vilivyopishana miaka 33, na umri wa mtu unachagua kimoja. M-1 anakumbuka daku ya uji wa moto na vidole visivyoshika kalamu. Kwa umri wake ni mwanzo wa miaka ya 1950, si baadaye. B-5 anakumbuka kuvuka makorongo yaliyojaa kwenda tarawehe, na kwa umri wake hiyo ni 1966 au 1967, na chuo kilikuwa bado mjini.

Tahadhari: hesabu za kalenda zinaweza kupishana siku moja na mwandamo wa mwezi ulioonekana kweli. Kwa msimu haina madhara. Kwa tarehe kamili, usiandike.

Nguzo nyingine tunazotumia ni zile ambazo kila mtu wa huku anazo. Uhuru, 9 Desemba 1961, ulikuja Ramadhani ikiwa bado miezi miwili, hivyo anayesema alifunga siku ya Uhuru alikuwa na funga nyingine au amechanganya. Bomba la mafuta la TAZAMA, la Tanzania na Zambia, lilianza kazi 1968. Mkutano wa Iringa uliozaa BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) ulikuwa katikati ya Desemba 1968, ndani ya Ramadhani ya mwaka 1388, na hilo limewaganda wazee wa mjini kwa sababu ya wageni waliofuturu misikitini. Operesheni Vijiji, ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja katikati ya miaka ya 1970, ndiyo mpaka kati ya chuo cha mjini na cha Pawaga katika masimulizi mengi, ingawa wawili wanasema Maalim alitangulia kuhama kabla haijafika. Tumeacha nafasi ya miaka mitatu hapo na hatuibani kwa nguvu.

Kwenye jedwali kila tarehe ina safu ya pili inayosema imepatikanaje: msimu, tukio, hati au kauli. Bila safu hiyo, baada ya miezi kadhaa tarehe ya kukisia inavaa kanzu ya tarehe ya kweli.

Septemba: Pawaga, na mabibi

Mabibi wanahojiwa na wanawake, ndani, kinasa kikiachwa juu ya meza bila mwanamume chumbani. Mradi wa awali uliwaweka kama wake na dada za wanafunzi. Si sahihi. Wasichana walisoma upande wa ua, na aliyewasikiliza ni mke wa Maalim. Yeye ndiye aliyewafikisha Amma. Maalim aliwasikiliza siku ya kukhitimu tu, pazia likiwa katikati. Kwa hiyo sehemu nzuri ya kile ambacho wanaume wanakiita "njia ya Maalim", hasa ile ya kumrudisha mtoto aya moja nyuma badala ya mwanzo wa sura, mabibi wanasema ilikuwa ya ua kwanza. B-1 na B-3 wameisimulia mbali mbali na kwa mfano uleule wa Suratul Bayyina. Wanaume waliosoma mapema mjini wanarudishwa mwanzo wa sura. Wa Pawaga wanarudishwa aya moja. Inaelekea ua uliifundisha baraza, upande wa wanaume.

Kuandika masimulizi kutoka kwenye sauti kunachukua saa sita hivi kwa saa moja ya Kiswahili, na karibu maradufu pale bibi anapoingia Kihehe. Kihehe cha Pawaga kiandikwe na mtu wa huko. Kijana wa mjini huandika anachodhani kimesemwa. Vipande vya Kihehe havitafsiriwi juu kwa juu. Vinaandikwa kwanza vilivyo, tafsiri inakaa mstari wa chini.

Hitilafu za bonde: joto linakula betri, na jenereta ya mashine ya kukoboa mpunga huingiza mvumo ambao sikio la chumbani limeshauzoea na halisikii. Kabla ya kikao rekodi dakika moja ya ukimya na uisikilize kwa vipaza vya masikioni. Siku ya mnada usijaribu.

Nakala ni tatu: kompyuta, diski ya nje na nyingine inayohifadhiwa nyumba tofauti. Jina la faili ni mahali, alama, tarehe na kipande, mfano PAW_B3_2025-09-11_02. Kadi haifutwi mpaka nakala ya pili imefunguliwa na kusikilizwa mwanzo, katikati na mwisho. Kunakili bila kusikiliza ni nusu ya kazi.

Oktoba: vitabu, sanadi, dhikri

Familia imetoa vitabu tupige picha: Safina ya fikihi, Jurumiya ya sarufi ya Kiarabu, Barzanji mbili za maulidi. Kinachotafutwa zaidi ni pembezoni, ambako wanafunzi waliandika maelezo ya Maalim kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu. Picha ipigwe kwa mwanga wa dirisha kutoka ubavuni, bila flashi, rula ikiwa pembeni, kitabu kisifunguliwe zaidi ya kinavyotaka mgongo wake. Kusoma kunahitaji watu wawili, kwa sababu hati hizo ni bahili: *bee* inaweza kuwa b, p au mb, *fee* inasimama badala ya v, *ghaini* inabeba g, ng na ng'. Msomaji mmoja anachagua neno la kwanza linaloleta maana na kusonga mbele. Wawili wakisoma kila mtu peke yake, palipopishana ndipo pa kurudi kwa mzee.

Sanadi, yaani minyororo ya mashehe waliopokezana tarika, zimekusanywa kwa kauli na kwa karatasi mbili za ijaza. Mnyororo wa Kadiria unarudi hadi kwa Abdulkadir Jilani, aliyefariki Baghdad mwaka 1166, na huku kwetu hupita njia zaidi ya moja: kuna wanaopitia kwa Sheikh Uways wa Barawa, aliyeuawa 1909, na wanaopitia Bagamoyo kwa Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Ramiya, aliyefariki 1931. Kila mtu anashika mwanzo na mwisho. Majina yanayodondoka ni ya katikati. Muridi wawili wanamweka Maalim moja kwa moja chini ya Ramiya. Kwa miaka tuliyoipata kwa misimu, Maalim angekuwa mtoto mdogo. Kuna khalifa (naibu wa shehe katika tarika) mmoja aliyerukwa hapo, na karatasi ya ijaza ina jina ambalo unyevu umelila nusu. Halijazwi kwa kukisia.

Dhikri ilirekodiwa kwa idhini ya khalifa na ya waliohudhuria wote. Kinasa kimoja kilikaa kwenye stendi ya mita mbili na nusu, nje kidogo ya duara. Kingine chini, karibu na anayeongoza. Kilele -18 dB, si -12, kwani sauti inayoanza kama mnong'ono huishia kuwa pumzi za watu thelathini kwa pamoja. Dufu zikae upande wa pili wa stendi. Hapa kikundi kinafaa: M-7, aliyesahau mengi alipokuwa peke yake, alishika zamu za mwitikio bila kukosea, na akamsahihisha anayeongoza mahali pa kupandisha mwendo.

Yaliyobaki: jina la ijaza, kupiga picha kwa mwanga wa kila upande mpaka wino uonekane; nafasi ya kidole, kulia au kushoto, kuulizwa kwa wanafunzi wa ua; na kijana aliyerudi kutoka pwani, ambaye M-4 anasema alihamia Makambako. Mvua zikianza, ni kuandika tu.